Nafasi ya Makapi

4 Februari

Kwa mama wa mwanafunzi,

Mwalimu mkuu wa shule ya binti yako ameniandikia kwamba binti anataka kuomba nafasi katika Chuo cha Juu cha Uhandisi. Huenda hukijui vizuri chuo hicho, kwa hiyo niseme wazi: kila mwaka waombaji hujaa mpaka nje ya geti, na wanaoingia wanatosha darasa moja. Mimi nilikaa miaka mingi kwenye meza ya kuwachuja. Sasa nimestaafu, na kazi yangu ni kukadiria: kijana huyu ana nafasi kiasi gani, kwa kumi. Chuo husoma makadirio yangu kabla ya kumwita mtu kwenye usaili.

Huna cha kunilipa. Shule ndiyo iliyoniomba.

Nafanya kazi kwa barua, tena za mkono. Wewe utaniandikia peke yako, binti ataniandikia peke yake, na msisomeane. Watu wakiketi pamoja kuandika hutengeneza kitu kizuri ambacho si cha yeyote kati yao.

Swali langu kwako ni moja tu. Binti yako ni mtu wa namna gani?

Mshauri wa Vyuo

*

13 Februari

Mheshimiwa Mshauri,

Salamu zangu zitangulie, maneno yafuate nyuma kwa adabu. Mimi ni msusi, nina kisaluni changu cha viti viwili, na shule yangu iliishia pale mtoto huyu alipoanza kuonekana kwenye sare. Kwa hiyo mwandiko ukikuumiza macho nisamehe, vidole hivi vimezoea nywele kuliko kalamu.

Umesema sina cha kulipa. Baba, mimi nimekulia mtaani. Cha bure kina mwenyewe, na mwenyewe hukijia siku moja. Lakini mwalimu mkuu amesema niandike, basi naandika.

Unauliza mwanangu ni mtu wa namna gani. Hana lolote. Nyumbani tunamwita Makapi, yale maganda yanayopeperushwa punje zikabaki, na jina limemkaa. Mvivu. Ukimtuma chumvi anarudi na mawazo. Kichwa kigumu kama kisigino. Mwili hauna nyama, na sura ndiyo hiyo aliyokuja nayo, hatuna pa kuirudisha. Hizo alama za shule ni bahati tu, labda na walimu wamemwonea huruma. Mimi sitegemei kitu kwake. Akipata sawa, asipopata vifagio vipo.

Ila kama mtaweza kumtazama, mtazameni.

Mama Makapi

*

20 Februari

Mwalimu Mkuu,

Hii ibaki kati yetu. Nina karatasi mbili mezani. Moja ni yako, inayosema binti huyu anaongoza shule nzima kwa hesabu na fizikia. Nyingine ni ya mama yake mzazi, inayosema ni mvivu, mwenye kichwa kigumu, na alama zake ni bahati na huruma ya walimu.

Nimesoma barua za wazazi mpaka macho yamechoka. Wote huniletea malaika. Hii ni mara ya kwanza mama kutoa ushahidi dhidi ya mwanawe. Ama nyinyi shuleni mnapika alama na mama dhamiri imemsuta, ama kuna mtu ndani ya nyumba ile asiyetaka binti aondoke. Vyote viwili sivipendi.

Nimeweka maswali humu ndani. Mpe bila kumwonya, chumba cha peke yake, na mlangoni akae mtu.

Mshauri wa Vyuo

*

27 Februari

Mheshimiwa Mshauri,

Uliniagiza nijieleze. Mimi ni mwanafunzi wa kawaida. Nakariri, tena kwa sauti, jioni, palepale saluni kwa mama wakati anasuka. Wenzangu wanaelewa kimyakimya, mimi mpaka niseme. Hesabu naziweza kidogo kwa sababu hazitaki maelezo marefu.

Uliuliza kama kuna kitu nimewahi kutengeneza. Hakuna. Kikaushio cha nywele cha mama kilikuwa kinakatakata, nikakifungua, nikakuta waya umeungua, nikaukata na kuuunga. Mama alisema nimekimaliza. Tangu hapo kinafanya kazi, labda kilijirekebisha chenyewe. Mfereji wa maji ya mvua pale mlangoni niliujenga vibaya, maji yakaenda kumfurikia jirani. Mama alinisema mbele ya wateja wote.

Uliuliza nani ananijua kuliko watu wote. Ni mama. Yeye anasema mimi makapi, na hajawahi kunidanganya kwa jambo lolote.

Chuo hiki nimekiomba kwa sababu mwalimu mkuu alisisitiza. Ukiona sifai, sitashangaa.

Makapi

*

9 Machi

Mshauri,

Leo salamu zimebaki nyumbani.

Nimesikia mmemfungia mwanangu ofisini kwa mwalimu mkuu, peke yake, bila kitabu, na mlinzi amevuta kiti mlangoni. Mlinzi! Mtoto alirudi, akachukua fagio akafagia saluni iliyokwisha kufagiwa. Kosa lake nini?

Na mimi si mjinga kiasi hicho. Nina mteja wangu, mke wa mwenye duka la dawa. Mwanawe anaomba chuo hichohicho, na mshauri wake ni wewe huyohuyo. Juzi kichwa chake kiko mikononi mwangu, anajigamba: "Wangu kapewa sita kwa kumi, mwenzangu, sita!" Nikamwuliza, kwani wewe uliandika nini? "Nilimsifu mpaka kalamu ikaomba maji." Yule kijana namjua, Baba. Hawezi kufunga kamba za viatu bila kuitisha kikao. Nikauvuta mstari mmoja kwa nguvu kidogo, Mungu anisamehe.

Sasa nimeunganisha mwenyewe. Kiti umeshampa mtu mwingine, na Makapi mnamtafutia kosa ili mkimkataa muwe na la kusema. Kama ndivyo semeni, tusichoshane. Mwanangu ni makapi, ndiyo, nimesema mimi, lakini si mwizi. Na ninavyojua mimi, anayefungiwa na kuwekewa mlinzi ni mwizi.

Mama Makapi

*

17 Machi

Mama,

Binti yako alijibu maswali yote, na moja akaandika pembeni kwamba limetungwa vibaya. Nimelitazama upya. Kweli nililitunga vibaya. Basi jambo hilo limekwisha: alama ni zake.

Hapo ndipo mashaka yangu yanapohamia kwako. Neno "bahati" sikuliokota barabarani, uliliandika wewe. Kwa nini mama aandike uongo wa kumwangusha mwanawe? Nimeona wazazi wanaoogopa kuachiwa kazi peke yao. Nimeona mabinti waliokwisha kuahidiwa mtu. Saluni ya viti viwili inataka mikono minne. Kama ni hilo, niambie sasa.

Kijana wa mwenye duka la dawa asikusumbue. Makadirio ya mtu ni siri yake, na kinamama huyakuza wanavyopenda.

Makadirio ya binti yako kwa leo ni mawili kwa kumi. Usikimbilie kunitukana. Hesabu hazimwangushi. Kwenye usaili watakaa wazee watatu, mmoja ana usingizi siku zote, na swali lao la kwanza halijabadilika tangu enzi zangu: wewe ni nani? Atawajibu kama alivyonijibu mimi. Barua yake siwezi kukuonyesha. Naweza kusema tu kwamba nimesoma maneno yako kwa mwandiko wake.

Mshauri

*

23 Machi

Baba Mshauri,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Mteja alikuwa na nusu kichwa, akangoja.

Hakuna mtu. Hakuna mume, hakuna posa, na saluni hii nimeiendesha na mtoto mgongoni, sitashindwa kuiendesha akiwa chuoni. Aende hata leo, mzigo nitamfungia mimi.

Nikueleze. Makapi alipokuwa mchanga alikuwa bonge la mtoto, mashavu yanameremeta. Siku moja nimembeba, mwanamke akatusimamisha njiani. "Eeh! Mtoto mzuri hivi, wako wewe, na wewe mwenyewe bado mtoto?" Mimi na ujinga wangu wa wakati ule nikajaa, nikasema ndiyo, na bado hujamwona akicheka. Wiki haikuisha, homa. Akakataa ziwa. Yale mashavu yakaisha mikononi mwangu kama sabuni. Bibi yangu aliyenilea akaniambia, kijicho hakibishi hodi, mlango umekifungulia wewe. Akampa jina la Makapi palepale. Mtoto akapona. Tangu hapo mdomo huu haujamsifu, mbele ya mtu wala faraghani.

Lakini Baba, nani asiyejua mambo haya? Nguo nzuri huanikwa nje ndani, jua lisile rangi. Ukitaka kuivaa unaigeuza. Mama akisema "mwanangu huyu hafai", jirani anacheka, anageuza, anajua. Wewe msomi, umekaa kwenye meza kubwa ya kuchuja watu, nilidhani kugeuza nguo unajua.

Sasa lile neno lako la mwisho haliniachii. Maneno yangu kwa mwandiko wake. Makapi anageuza, siyo? Yule ana akili, hawezi kukosa kujua. Anageuza? Nijibu upesi.

Mama Makapi

*

28 Machi

Mama,

Hageuzi.

Ningependa kukuandikia kwa upole zaidi, lakini uliomba upesi. Nguo ikianikwa nje ndani siku zote, mwenye nguo hufikiri ndiyo rangi yake.

Na mimi sijakuamini bado. Hadithi ya homa ni nzuri, na wazazi wanaotaka kiti hutunga hadithi nzuri kuliko hiyo. Kwa hiyo usinitumie sifa, sifa nimezisoma magunia. Niandikie ulichokiona kwa macho yako, hapo saluni, kitu ambacho mtu hawezi kukitunga.

Mshauri

*

6 Aprili

Baba Mshauri,

Nimefunga mlango na pazia. Naandika kama ninaiba. Ukimaliza kusoma uichome barua hii, naomba.

Kile kikaushio. Kilikuwa kimekufa, fundi mwenyewe alinyanyua mikono. Makapi akakifufua kwa kisu cha jikoni na utepe. Kila nikikiwasha moyo wangu unasema, huyu mtoto huyu! Mdomo unasema, "Hiki kidude siku moja kitatuua."

Mfereji. Mvua ilikuwa inatuingilia mpaka ndala zinaelea. Akakata chupa, akaokota bati la zamani, akajenga mfereji, maji yakatuacha, yakaenda moja kwa moja kwa jirani yetu fundi viatu. Nilimsema mbele ya watu, kweli nilimsema. Kesho yake namkuta nje amelala kifudifudi kwenye tope, kamba mkononi, anatazama mteremko. Akaubomoa wote, akaujenga upya, wetu na wa fundi viatu pamoja, maji yakateremka barabarani kwa adabu. Hakuna aliyemtuma. Sisi tulikuwa tumeshakauka. Mtu anayeona kazi yake haijaisha kwa sababu jirani ana maji, Baba, huyo si mvivu.

Na hili sijamwambia mtu. Jioni anasoma kwa sauti. Anasema ndivyo anavyokariri. Lakini anasoma polepole, neno gumu analirudia, analieleza kwa maneno mepesi kana kwamba anajieleza mwenyewe. Akifika mwisho wa ukurasa ananyamaza, anangoja kidogo, ndipo anafunua. Nani anakariri hivyo? Ananisomea mimi. Anajua shule niliiachia wapi na kwa ajili ya nani, naye ananirudishia kidogokidogo, bila kunitia aibu mbele ya wateja. Maneno haya ninayokuandikia wewe unadhani nimeyatoa wapi? Mimi najifanya nasuka tu. Akiniuliza, "Mama, nakupigia kelele?" namjibu, "Sana."

Ni mzuri, Baba. Nimeandika. Ana akili, ana huruma, na akicheka ni vilevile nilivyomwambia yule mwanamke siku ile.

Sasa ichome.

Mama Makapi

*

12 Aprili

Mama,

Siichomi. Nakurudishia. Nimesoma uongo wa kila namna katika kazi hii, lakini sijakutana na aliyeweza kutunga mtoto anayengoja kabla ya kufunua ukurasa. Mashaka yangu nayaweka chini.

Makadirio nimeyapandisha mpaka matano, na chuo kimekubali kumwita. Usaili ni tarehe 3 Mei. Matano yaliyobaki siyaongezi mimi. Umemwandikia mzee ambaye hatakaa kwenye kile kiti. Mwambie atakayekaa.

Wala usimpe hiyo barua yako. Atadhani mimi ndiye niliyekulazimisha kuandika, na hatakosea. Mwambie kwa mdomo.

Mshauri

*

25 Aprili

Baba Mshauri,

Nimejaribu. Jumatatu nikafungua mdomo, nikasikia unasema, "Umesahau kufagia." Jumatano nikamwita kabisa, "Makapi, njoo hapa." Akaja, akasimama. Nikamwuliza kama mvua itanyesha. Sasa ananitazama kama mtu anayefichwa ugonjwa. Fundi viatu ameniambia mtoto amekwenda kumwuliza, "Mama anaumwa nini?"

Ninyi wasomi mambo yenu mepesi. Ukikosea namba unaifuta, unaandika nyingine. Mimi nikikosea? Unaniambia nifungue mlango. Na kama kijicho chenyewe kimesimama nje miaka yote hii, kinangoja nifungue?

Niombee tu.

Mama Makapi

*

5 Mei

Mheshimiwa Mshauri,

Usaili umekwisha. Nakuandikia kwa sababu uliniambia niandike nikitoka, na kwa sababu nataka kukuuliza kama ni wewe.

Kabla ya safari mama alinisuka. Alinikalisha kwenye kiti cha wateja, yeye nyuma yangu, na kioo amekigeuzia ukutani. Nilifikiri kimepasuka. Akasuka mistari kadhaa, halafu akaanza kusema. Kikaushio. Mfereji, wa kwanza na wa pili. Kusoma kwangu jioni, kwamba siku zote alijua. Alisema haraka, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeagiza vitu dukani asisahau. Nikageuka nione anaongea na mteja gani. Akakisukuma kichwa changu mbele: "Tulia, utanipinda mstari!" Hapakuwa na mteja, Mheshimiwa.

Niseme kweli, nilimshuku. Nilidhani anakufa. Nikamwuliza, "Mama, daktari amesema nini?" Akacheka mpaka kitana kikamponyoka, kisha nikasikia kile kicheko kimegeuka kitu kingine. Sikugeuka tena. Akamaliza kichwa chote. Mwishoni akasema, "Na ukimwambia mtu nimesema, nitakukana."

Wasaili walikuwa wazee watatu, mmoja anasinzia. Wakauliza mimi ni nani. Jibu nilikuwa nalo, lilelile nililokuandikia wewe. Lakini kichwa kilikuwa bado kinaniuma, mama alikuwa amekaza sana, na jibu lile likakataa kutoka. Nikawaambia mimi ni mtu aliyejenga mfereji ukamfurikia jirani, akaurudia. Wakataka kujua mteremko niliupimaje bila vifaa. Nikaomba glasi ya maji, na kamba ya kiatu cha yule anayesinzia. Akaamka.

Wakaniuliza pia kwa nini nasoma kwa sauti. Nikasema kwa sababu kuna mtu anasikiliza.

Ni wewe uliyemwambia mama aseme? Nijibu kweli. Nataka kujua kama maneno ni yake.

Makapi

*

11 Mei

Binti,

Nilimwambia afungue mdomo, basi. Cha kusema sikuwa nacho. Alikuwa nacho yeye, na alikuwa na hofu kubwa ya kukitoa kuliko yako mbele ya wazee watatu.

Maneno ni yake, tena ya zamani. Mwombe akueleze jinsi nguo nzuri inavyoanikwa. Mimi ilibidi nielezwe uzeeni.

Mshauri

*

19 Julai

Baba Mshauri,

Barua ya chuo imekuja. Sikuiamini. Nikampelekea mwalimu mkuu aisome, nikampelekea na fundi viatu, wote wakasoma vilevile. Labda wamepanga. Nikairudia mwenyewe neno kwa neno, nikakuta na mimi nimepanga nao.

Basi nakuarifu: yule mtoto wangu mzembe, asiye na mbele wala nyuma, wamemchukua. Nawaonea huruma. Hawajui mzigo waliojitwisha.

Mke wa mwenye duka la dawa alikuja kunipa mkono. Wake ameitwa chuo kingine, nacho si kibaya. Akaniambia, "Hongera, una mtoto mwenye akili." Nikamjibu, "Akili ipi, mwenzangu, uji tu unamshinda." Akacheka sana. Akageuza. Huyo tangu zamani anajua, ila kalamu ndiyo inayomtia wazimu.

Wewe ni mzee msumbufu, mwenye maswali ya kipolisi, na sitaki kukusikia tena maishani.

Geuza na hiyo.

Mama Makapi

*

14 Septemba

Mama,

Nimefika salama. Chumba kina dirisha linaloangalia karakana, na mwenzangu wa kitanda cha pili anakoroma kama kikaushio chetu cha zamani, kwa hiyo nalala vizuri.

Masomo ni magumu ila yanakwenda. Kinachonishinda ni watu. Hapa wanasifiana kutwa. Umechora mstari, "vizuri sana". Umefungua dirisha, "vizuri sana". Mhadhiri mmoja aliniambia mbele ya darasa kwamba mimi ni hazina, nikashika mfuko wangu kuangalia kama kuna kilichoibwa. Siwaamini, mama. Wanasema haraka mno, na hakuna hata mmoja anayeogopa.

Wewe uliogopa. Nilisikia vidole vyako kichwani.

Jioni bado nasoma kwa sauti. Huyu mwenzangu ananiuliza namsomea nani. Nikifika mwisho wa ukurasa nangoja, halafu nakumbuka.

Niandikie, mama. Uniseme kidogo.

Makapi

*

22 Septemba

Wewe Makapi,

Mtoto huna lolote. Umeondoka na kitana changu kizuri, mwizi mkubwa, na usijidai umekichukua kwa bahati mbaya, kaa nacho hukohuko.

Mvua ya kwanza imenyesha. Ule mfereji wako mbovu umepitisha maji yote, kwetu hakikuingia kitu, kwa fundi viatu hakikuingia kitu. Aibu tupu. Kikaushio kilianza tena kukatakata, kimejua hupo. Usinielekeze. Nilikifungua mwenyewe, nikauona waya, nikauunga. Kinafanya kazi, nadhani kimejirekebisha chenyewe.

Jioni saluni imetulia. Ile kelele yako hatuikumbuki hata kidogo. Wateja ndio wanaolalamika, kwa hiyo siku hizi nawasomea mimi, kile kitabu chako cha zamani cha daraja na nguzo. Maneno mengine yananipiga chenga, nayarudia. Nikifika mwisho wa ukurasa nangoja kidogo na mimi, sijui nangoja nini.

Usirudi mpaka umalize. Sura yako nimeichoka.

Barua hii uigeuze ukiwa peke yako.

Mama yako, asiyekusifu